Fuko Aliyeoshwa Masikio

Uchovu wa shamba humkaa mtu mgongoni. Akipata kivuli na kata ya maji, unamwachia. Uchovu wa mgodi humkaa machoni, na huko hakuna kivuli wala maji ya kuutoa. Naftaly alitoka nao kila jioni katika mapango ya Kariandusi, akateremka nao mpaka kambini, mweupe toka utosini hadi kwenye kamba za viatu, kama mtu aliyebingirishwa ndani ya unga. Udongo unaochimbwa pale ni mweupe na mwepesi. Donge kubwa kama kichwa cha ndama mtu hulibeba kwa mkono mmoja. Lakini wepesi wake ni uongo. Shinda nao chini ya ardhi, upige sururu, uuvute puani, ndipo jioni utaujua uzito wake.

Mwaka wa hamsini na sita, mwezi wa Oktoba, uchovu huo ulipata mwenzake. Binti yake Nekoye hakuwa akilala.

Mtoto huyo, wa miaka sita, alikuwa ameletwa na mama yake Eucabeth kutoka Malakisi mara tu baada ya mwezi wa Agosti. Eucabeth alikuja na mimba kubwa. Haikupita muda, miguu ikamvimba, uso ukamvimba, na daktari wa hospitali ya Nakuru akaamuru alale palepale wodini mpaka ajifungue. Naftaly alipomtembelea, mkewe alimshika mkono wa shati akamwomba jambo moja tu. "Usimrudishe mtoto kwa mama yangu. Nikitoka hapa na mdogo wake, nataka nimkute." Naftaly akasema sawa. Na Naftaly alikuwa mtu wa neno moja. Akisema sawa, hata yeye mwenyewe hakuwa na njia ya kulivunja.

Ila hakujua ameahidi nini. Jioni wakishakula, alimlaza Nekoye kwenye mkeka, akamfunika blanketi, akazima koroboi. Mtoto alilala chali, macho wazi. Si kwamba alilia. Angelia, Naftaly angejua la kufanya. Kilio kina dawa zake. Alikaa tu macho, na kila baba alipogeuka kitandani alihisi anamtazama. Na mtu atalalaje, anatazamwa?

Ndipo usingizi ukaanza kumfuata mgodini. Nyapara wao, Micah, alimkuta ameegemea sururu amesinzia, na punde tu walipoondoka mahali pale, bonge la dari likaanguka. Micah hakuwa mtu mbaya. Alilitazama lile bonge, akamtazama Naftaly, akasema, "Ukifukiwa, mimi ndiye nitakayeulizwa. Nikikuona hivi tena, chukua blanketi lako ukalale kwenu moja kwa moja."

Basi Naftaly akafanya alichosema hatafanya. Jirani yake Nyongesa, mtu wa kwao, alikuwa amepata likizo, anapanda gari la moshi Jumamosi asubuhi kwenda nyumbani. Naftaly akamwomba amchukue mtoto. Nyongesa akakubali. Ukuta wa mabati uliokuwa kati ya vyumba vyao haukuwa na siri. Alikuwa amewasikia wakigeuka-geuka wiki nzima. Eucabeth hakuambiwa. Naftaly alijiambia kwamba atamweleza akishajifungua, na kila alipojiambia hivyo uso uliwaka moto.

Jumatano ile, Kipkemei, mpishi wa nyumba ya meneja, alipita kambini na kitu kimefungwa kwenye aproni. Alikuwa mtu wa mizaha, na mizaha yake ilitangulia mbele yake kama mbwa.

"Bwana Naftaly, nimekuletea picha yako."

Akatoa kitabu. Jalada lilikuwa na alama za meno ya mtoto pembeni. Juu yake palichorwa fuko, yule mnyama wa chini ya ardhi, amevaa kizibao, ameshika taa ndogo mkononi.

Kipkemei akaeleza kwamba watoto wa memsabu wamepelekwa shule ya bweni, wanasema wamekuwa wakubwa, na vitabu vyao vya kulalia vimetolewa vikachomwe. Ndiyo, vya kulalia. Kila usiku memsabu aliketi kitandani akawasomea kimoja hadi wasinzie. Kipkemei alipomwona fuko huyu mwenye mikono mipana na kucha za kuchimbia, hakuweza kumtia motoni. "Ni wewe mtupu. Tazama hata tumbo."

"Umenifananisha na mharibifu wa viazi," Naftaly alisema. Kwao Malakisi fuko hutegewa kwa kamba na kijiti kilichopindwa. Hakuna anayemvisha kizibao. Na kitabu cha kulalia! Kwa Wazungu hata usingizi una kitabu chake. Yeye alilazwa utotoni na kuchunga ng'ombe kutwa, na hakuna mtu aliyemsomea. Alitaka kumrudishia Kipkemei karatasi zake. Lakini Nekoye alikuwa ameshasogea, amekishika kile kitabu kwa mikono miwili, anakitazama jinsi mtu anavyotazama ndani ya kisima. Basi kikabaki.

Jioni hiyo Naftaly alikaa naye mkekani, koroboi kando, akafungua. Alisoma Biblia ya Kiswahili bila kukwama, lakini maneno haya yalikuwa ya Kiingereza, na hakuwa tayari kukiri mbele ya mwanawe kwamba fuko anajua lugha asiyoijua yeye. Akasoma picha. Akamtia fuko kwenye mtego, akamtoa. Akamletea mwanamke mwenye panga, akamkimbiza shimo hadi shimo. Fuko alimdanganya mwanamke, akaiba viazi, akamcheka. Nekoye alicheka hadi akapata kwikwi, akakaa kitako kabisa, akauliza kama kesho yake fuko alikamatwa. Naftaly alipozima taa alijiona kama mtu aliyetaka kuzima moto kwa kuupuliza.

Siku iliyofuata alikuwa amechoka hadi ulimi. Mtoto alipomletea kitabu, hakuwa na mwanamke wala panga. Alifunua kurasa tu, kimya. Na katika kimya hicho akaona jambo ambalo jana makelele yake yalimficha: ndani ya kitabu kile hapakuwa na mtego wala adui. Hapakutokea kitu. Fuko baba anatoka shimoni na taa yake. Anafika nyumbani. Anaoshwa. Anakunywa uji. Mtoto wake analazwa. Basi. Rangi zake zilikuwa laini, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi na kuanikwa mara nyingi, na kila ukurasa ulikuwa na mwanga mdogo kuliko uliopita, kana kwamba kuna mtu ndani anapunguza utambi.

Nekoye aliweka kiganja juu ya ukurasa wa kuoshwa.

"Usifunue, Papa."

Pale fuko baba amekaa ndani ya karai, ameinamisha kichwa. Fuko mama amepiga magoti nyuma yake, na kitambaa mkononi, anamsugua nyuma ya sikio. Maji yamekuwa ya kahawia. Naftaly alingoja kiganja kiondoke. Akiwa anangoja, usingizi ukamchukua palepale, ameketi.

Aliposhtuka, mwanga wa alfajiri ulikuwa unaingia kwenye matundu ya mabati. Mkeka ulikuwa mtupu. Nekoye alikuwa ameketi sakafuni, mgongo umeegemea mlango, mwiko wa ugali umelala mapajani, na kitabu kimefunguliwa kando yake palepale kwenye karai. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. Naftaly alimnyanyua, alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akamuuliza anafanya nini pale. Akasema anakaa tu.

Ijumaa hiyo, aliporudi kutoka kazini, Wariara alimwita. Wariara alikaa chumba cha mwisho wa mstari, na mchana ndiye aliyemtazama mtoto. Mumewe alikuwa kizuizini tangu mwaka juzi kwa sheria ya hali ya hatari, na yeye mwenyewe hakuweza kufika hata Gilgil bila kibali; kwa hiyo alikuwa na muda wa kuangalia mambo ya watu.

"Baba Nekoye, huyu wako ananilalia hapa kutwa. Mkigongewa kengele ya reli ya kutoka kazini, ndipo anaamka. Ananawa uso kwa maji baridi, anakwenda kusimama njiani mpaka akuone. Mimi nimeona maaskari wengi miaka hii, wengine wamelala jikoni kwangu bila kualikwa. Sijaona askari wa zamu kama huyo."

Naftaly alijaribu kucheka. Aliingia ndani na lile neno zamu limemkwama kama punje ya mchanga. Zamu ya kulinda nini? Nyumbani kwake palikuwa na sufuria, sururu ya zamani na koti moja.

Hata hivyo alifunga furushi. Gauni mbili, sweta, kikombe. Nekoye alimtazama akifunga. Hakuuliza, kwa hiyo ilibidi aambiwe. Naftaly alimwambia, huku macho yake yako kwenye fundo, kwamba kesho ataenda na Nyongesa kwa kukhu, bibi yake, na kwamba kule atalala vizuri, kuna hewa safi na maziwa.

Mtoto aliligusa furushi. Kisha akasema, "Nikienda, nani atakaa mlangoni?"

"Mlangoni kuna nini?"

Nekoye aliinuka, akakileta kitabu, akakifungua kwenye karai bila kutafuta, maana sasa kilifunguka chenyewe hapo. Akaweka kidole juu ya kichwa cha fuko.

"Huyu ameoshwa. Ndiyo maana hawaji kumfuata."

"Nani hawaji?"

"Wale wa kisu."

Naftaly aliliacha fundo. Akaketi chini, akalingana naye, akamwuliza polepole, kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake, kisu gani. Na kwa vipande-vipande yakatoka.

Agosti ile ilikuwa ya mwaka wa jando kwao. Khocha wake Khisa, mjomba aliyempandisha mabegani na kumchumia mapera, alipelekwa mtoni gizani na watu wanaoimba. Alirudi kumepambazuka, amepakwa tope mwili mzima, na tope lilikuwa limeanza kukauka, jeupe-jeupe kama majivu, hata nyusi hazikuonekana. Nekoye alikuwa uani katikati ya sketi za wanawake. Hakumjua khocha wake hadi alipoona miguu. Kisha ngariba akatokea kwenye watu na kisu, akachuchumaa. Wanawake wakapiga vigelegele. Khisa akafunikwa shuka, akaongozwa hadi kwenye kibanda, na Nekoye akaambiwa asisogee huko, si mahali pa wasichana. Siku zikapita hajamwona. Halafu Mayi, mama yake, akasema twende kwa baba yako. Wakapanda gari la moshi, wakafika Kariandusi, na jioni yake baba akatokea njiani, mweupe hadi nyusi.

"Khocha Khisa alipakwa mara moja tu," Nekoye alisema. "Wewe unapakwa kila siku."

Naftaly naye alisimama uani kwa baba yake, mwaka wake, tope likimbana ngozi, akatazama mbele bila kupepesa jicho, na kwa hilo alitembea kifua mbele hadi leo. Tope lile lilikuwa heshima yake. Hakuwahi kuwaza jinsi linavyoonekana kutoka kimo cha mtu anayefika kiunoni. Mtoto huyu alikuwa amekesha usiku baada ya usiku, mgongo mlangoni, na mwiko, kumlinda baba yake na alfajiri. Maneno haya yakisikika kambini, watu wangecheka hadi Krismasi. Naftaly aliangalia ukuta wa Nyongesa, na kwa mara ya kwanza akashukuru kwamba jirani yake anakoroma mapema.

Akamweleza. Kwamba Khisa yu hai, anakula kuliko wote, na Desemba atatoka kibandani na nguo mpya. Kwamba mwanamume hukatwa mara moja, na yeye alishakatwa zamani, kabla hajamjua Mayi. Kwamba weupe huu ni udongo wa kazi tu, Wazungu wanaupeleka mbali kuchujia vitu vyao, wala hauna ngariba nyuma yake. Nekoye alisikiliza kwa adabu. Watoto husikiliza hivyo maneno ya watu wazima, jinsi mvua inavyosikilizwa na mtu aliye ndani ya nyumba. Maelezo yalipoisha, aliinua macho akamtazama pembeni mwa kichwa.

"Lakini hujaoshwa," alisema. "Masikio bado."

Ilikuwa kweli. Pale bombani palikuwa na foleni, maji yalikuwa baridi, na mtu anayetoka mgodini hana nguvu ya kusimama tena. Naftaly alizoea kunawa uso na mikono, kilichobaki akakiachia blanketi. Jioni hiyo pia mwili wake haukutaka ila kulala. Kuni zilikuwa zimekwisha. Alikaa kidogo, akavuta pumzi, kisha akachukua debe akaenda kwa Wariara kuomba maji ya moto.

"Leo kuna harusi?" Wariara aliuliza, akimmiminia.

"Ninaoshwa."

"Na nani?"

"Na mwenye nyumba."

Wariara alimtazama, akaacha mzaha, akamwongezea kipande cha sabuni.

Nekoye alikisimamisha kitabu, kimeegemea sufuria, ili aone namna ya kufanya. Akamwambia baba aingie kwenye karai. Karai la kambini halikuwa karai la kitabuni. Naftaly aliingiza miguu tu, akaketi kwenye kigoda, amevaa kaptura, ameinamisha kichwa. Mtoto akaangalia picha, akazunguka nyuma, akapiga magoti. Alianza na sikio la kushoto, kwa sababu fuko mama alianza na hilo. Alisugua bila haraka. Akaingia nyuma ya sikio, akateremka shingoni, akapanda kwenye nywele, akazitoa chembe alizoleta baba yake kutoka chini ya ardhi. Maji yakawa kama uji mwepesi. Yakamwagwa, yakaletwa mengine. Naftaly alisikia joto likishuka mgongoni, na hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumshika kichwa.

"Hapa una kovu," Nekoye alisema nyuma ya sikio la kulia.

"Nilianguka kwenye mwamba, nikichunga."

"Mimi sikulijua." Akasugua taratibu pembeni mwa kovu. Maji ya pili yalipoanza kubaki maji, alikuja mbele, akamtazama usoni, nyusi, pua, kidevu, kama mtu anayehakikisha mzigo wake stesheni. "Sasa ni wewe."

Kisha akauliza kama kesho atapakwa tena.

Naftaly angeweza kusema hapana. Uongo ulikuwa karibu, na ulikuwa mtamu, na alikuwa amechoka. "Nitapakwa," alisema. "Kesho na keshokutwa, ndiyo kazi yangu. Lakini sitalala nao tena. Nikirudi, utaniosha, mpaka Mayi aje."

Nekoye alifikiri. "Masikio pia?"

"Masikio kwanza."

Walikaa mkekani na kitabu. Naftaly alifunua kurasa tu. Alipofika kwenye karai alingoja kiganja, lakini mtoto mwenyewe ndiye aliyefunua. Fuko wakanywa uji, mvuke wake ni mstari mmoja mwembamba. Hapohapo kichwa cha Nekoye kikawa kizito kwenye mbavu za baba yake, na pumzi zake zikabadilika. Hakufika kwenye ukurasa wa kulala.

Naftaly alifika peke yake. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa buluu nzito karibu wote, na dirisha moja dogo la manjano. Alilitazama lile dirisha mpaka utambi wa koroboi ukaanza kulia. Hakupenda kushindwa na fuko, na hata sasa hakusema kwamba kitabu ni kizuri. Alijiambia tu kwamba aliyemchora mnyama yule, awe nani awaye, aliwahi siku moja kurudi nyumbani amechoka.

Asubuhi Nyongesa aligonga, amevaa koti la safari, kofia mkononi. Naftaly alimfungulia mlango nusu.

"Mtoto yuko tayari?"

"Amelala."

"Mwamshe basi. Gari halingoji mtu."

"Hujanielewa," Naftaly alisema. "Amelala."

Nyongesa aliingiza kichwa. Furushi lilikuwa bado karibu na mlango, fundo nusu. Kwenye mkeka, Nekoye alikuwa amelala mdomo wazi, mkono mmoja umetupwa juu ya kitabu. Nyongesa, ambaye alikuwa amesikiliza kukesha kule kupitia bati wiki nzima, alirudisha kichwa chake polepole, akakanyaga kwa ncha za viatu. Naftaly akamnong'oneza jambo la kufanya kule nyumbani: akamwone Khisa kibandani, amwone kwa macho yake anatembea, na akirudi aje amweleze Nekoye kwa mdomo wake mwenyewe.

Nguo za kazi zilikuwa zimetundikwa nyuma ya mlango, ngumu, nyeupe. Naftaly alizishusha bila kuzikung'uta, akatoka nazo, akazivalia nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu anayeamka hawezi kuziona. Wariara alikuwa tayari amekuja kukaa kizingitini na sufuria yake ya maharagwe ya kuchambua. Machoni uchovu ulikuwa palepale. Usiku mmoja hauwezi kuutoa. Lakini upepo wa ziwa Elmenteita ulipompiga pembeni mwa kichwa, alihisi masikio yake yako wazi, baridi, safi. Reli ikagongwa. Akaishika njia ya mgodini, akaenda kupakwa.